Ubao wa majina pale mlangoni: hotuba yangu kuhusu kuishi kwenye barafu ya Antaktika

(Wengi hamkuweza kufika siku ile na mmekuwa mkiniuliza nilisema nini, basi hii hapa yote, nimeiandika kama nilivyoongea. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana mliojaa humu ndani, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama kule nyuma nawaona, asanteni kwa uvumilivu.

Kabla sijaanza niwaulize kitu. Ukisikia mtu amekaa Antaktika mwaka mzima, swali la kwanza linalokujia ni lipi? Si baridi? Naam, baridi. Kila mtu ananiuliza baridi. Basi nijibu kabisa tuimalize. Mi kwa macho yangu nimeona kipimo kikisoma nyuzi 74 chini ya sifuri, na kuna kituo cha Warusi kinaitwa Vostok ambako tarehe 21 Julai 1983 walipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri, na hakuna kituo popote duniani kilichowahi kupima hewa ya baridi kuliko hiyo.

Lakini ndugu zangu, baridi ina dawa yake, unavaa. Unavaa nguo juu ya nguo, glavu ndani ya glavu, unatoka, unafanya kazi dakika 20, unarudi ndani, na ndani watu wanatembea na fulana. Kilichonigeuza mimi sio baridi. Kilichonigeuza ni zamu. Zamu ya kuosha vyombo. Zamu ya kuchota theluji. Zamu ya kulinda moto. Zamu ya kuamka saa tisa usiku ukasikilize jenereta inavyopumua. Jioni ya leo nataka niongee habari za zamu, na mtanivumilia kama nitarudia rudia, maana kule ndo maisha yenyewe, kurudia rudia.

Mi ni fundi wa jenereta, sio mwanasayansi. Kituo nilichokaa sitakitaja jina kwa sababu nitasema mambo ya wenzangu na nilishawaahidi sitawaanika. Kipo juu kwenye uwanda wa barafu katikati ya bara, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na hapo uliposimama chini yako ni barafu tupu karibu kilomita 3 ndo ukute mwamba. Hewa ni nyepesi, wiki ya kwanza ukipanda ngazi kidogo tu unahema kama umefukuzwa. Ndege ya mwisho inaondoka mwezi wa pili, inayofuata inakuja mwezi wa 11. Katikati hapo mnabaki nyie tu, sisi tulibaki 13.

Mtu ataniuliza, kwani ndege inashindwa nini kuja? Inashindwa kwa sababu kwenye baridi ile mafuta yanaanza kuwa mazito, oili za mitambo zinagoma, na juu yake kuna giza. Imewahi kutokea ndege ndogo zikaenda mpaka kituo cha Ncha ya Kusini kufuata wagonjwa msimu umeshafungwa, kama 2001 na 2016, lakini safari za namna hiyo unahesabu kwa vidole. Na majirani je? Chukua kituo cha Concordia, cha Wafaransa na Waitaliano, jirani yao wa karibu yuko kama kilomita 600. Wale wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga za juu wanazunguka kama kilomita 400 tu juu ya dunia. Yaani mwanaanga yuko karibu zaidi na ardhi iliyo chini yake kuliko watu wa Concordia walivyo karibu na jirani yao. Kaa na hilo kidogo.

Haya, nianze na maji.

Antaktika ina karibu asilimia 90 ya barafu yote ya dunia. Umekaa juu ya maji, umezungukwa na maji, mpaka upeo wa macho ni maji, na kitu kinachokusumbua kuliko vyote ni maji. Kwa nini? Kwa sababu ni magumu, yameganda, na kuyayeyusha unahitaji moto, na moto unatoka kwenye dizeli, na dizeli imeburutwa na matrekta zaidi ya kilomita elfu moja juu ya barafu kutoka pwani. Niwape hesabu moja tu ambayo mi ilinishangaza japo nimeshika mitambo maisha yangu yote. Chukua kilo moja ya barafu iliyofika nyuzi sifuri. Kuigeuza tu iwe maji, maji ya baridi hivyohivyo ya nyuzi sifuri, inakula nishati sawa na ile ya kuchukua kilo ya maji yenye nyuzi 20 ukayachemsha mpaka 100. Sawasawa kabisa. Na theluji yetu haikuwa ya sifuri, ilikuwa ya nyuzi 60 chini, kwa hiyo hata kuifikisha hiyo sifuri ni gharama nyingine. Kila ukioga, ni kama umechemsha sufuria juu ya sufuria za maji halafu ukayamwaga.

Ndo maana kituo cha Ncha ya Kusini kila mtu anaruhusiwa kuoga mara mbili kwa wiki, dakika mbili mbili. Wao wanapata maji kwa kushusha maji ya moto ndani kabisa ya barafu mpaka panafanyika kisima kikubwa huko chini, wanavuta kutoka humo, na kisima kikishakuwa kirefu mno wanachimba kingine na kile cha zamani kinageuka shimo la maji machafu. Sisi hatukuwa na kisima. Sisi tulikuwa na beleshi.

Zamu ya beleshi ni watu wawili kila siku. Kuna sehemu imetengwa upande unakotokea upepo, huko hakuna ruhusa kukanyaga na mashine wala kutema mate, maana ile ndo mnakunywa. Mnakata theluji, ni ngumu inakatika kama chokaa, mnajaza sanduku, mnaburuta mpaka mdomo wa tanki, na joto linalotoka kwenye jenereta zangu ndo linaiyeyusha. Saa moja na nusu, kila siku, iwe giza iwe dhoruba ndogo.

Sasa tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu wa nyota, anapima anga. Kazi yake ni usiku, na kule usiku wa msimu wa baridi hauishi, jua linazama mwanzoni mwa mwezi wa tano na mnakuja kuliona tena mwezi wa nane. Basi yule bwana akawa anazama kwenye darubini yake, siku ya kwanza akaruka zamu ya beleshi, siku ya pili akaruka, mwenzake wa zamu anachota peke yake na hasemi. Wiki inaisha tanki limeshuka chini ya mstari mwekundu. Mkuu wa kituo akatangaza hakuna kuoga, hakuna kufua, maji ni ya kunywa na kupikia basi. Hakumtaja mtu. Pale mezani palikuwa kimya, mnasikia vijiko tu.

Baada ya chakula yule bwana akavaa akatoka peke yake. Nikamwona kwa dirisha na taa yake ya kichwani, anakata, anaburuta, anakata, anaburuta. Saa nzima. Saa ya pili. Halafu nikaona taa nyingine inatoka, ni mpishi wetu, mtu mzima kuliko wote pale, hakuwa kwenye orodha ya beleshi kabisa kwa sababu jiko peke yake ni kazi ya kutosha. Hakumwambia kitu, alisimama upande wa pili wa sanduku akaanza kukata. Nusu saa baadaye tulikuwa nje watu tisa. Tanki likajaa usiku uleule. Na yule mtu wa nyota hakuwahi kukosa zamu tena, tena akawa anatoka dakika kumi kabla ya mwenzake. Mshikeni huyo mpishi kichwani, nitamrudia.

Sasa nije kwenye moto.

Mkisikia mtu anaogopa moto katikati ya barafu yote ile mnaona ajabu, eeh? Lakini muulize yeyote aliyekaa huko atakwambia hofu yake kubwa ni moto. Hewa ni kavu kupita kiasi, puani damu zinatoka, ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Mbao zimekauka, upepo upo, maji ya kuzimia hayapo. Na nyumba ikiungua hamna pa kwenda.

Tarehe 12 Aprili 1982 pale Vostok nyumba ya mitambo ya umeme iliwaka. Fundi mmoja alikufa humo. Waliobaki walikuwa watu 20, hakuna umeme, hakuna joto, na majira ya baridi ndo yanaanza, hakuna ndege wala trekta inayoweza kuwafikia. Mi kama fundi wa jenereta hiki kisa nakijua kwa moyo. Wale watu walijitengenezea majiko ya kuchoma dizeli kwa vyuma walivyokuwa navyo, wakafufua injini ndogo ya zamani, wakajibana pamoja chumba kimoja, nyuso nyeusi kwa masizi, miezi na miezi, na wote 20 wakatoka hai. Kila nilipokuwa naingia kwenye chumba cha jenereta nilikuwa namkumbuka yule fundi ambaye hakutoka.

Kwa hiyo kule kuna ubao. Sikilizeni vizuri hapa. Pale mlango wa kutokea kuna ubao, una pande mbili, NDANI na NJE, na kila mtu ana kibao chake kidogo chenye jina. Ukitoka, hata kama unatoka kumwaga majivu, unahamisha kibao chako kwenda NJE. Ukirudi, unakirudisha NDANI. Ni kitu cha sekunde moja. Mtoto wa miaka minne anaweza.

Mwezi wa saba, katikati kabisa ya giza, mi sikukihamisha.

Nilikuwa na zamu ya usiku. Kama saa tisa kasoro nikaona presha ya bomba la mafuta inashuka kidogo, nikajua ni valvu ya kule kwenye matanki, mita 150 hivi, kuna kamba ya kushika njiani. Nikavaa nikatoka. Kibao changu nikakiacha NDANI. Sikukusudia, sikupuuza, sikukumbuka tu. Nikiwa kule huku nyuma oili ikavuja tone tone ikaangukia ekzosi ya moto, moshi ukajaa chumba cha mitambo, king'ora kikalia. Mi kule na upepo na kofia tatu masikioni sikusikia chochote.

Wenzangu walifanya kila kitu kama tulivyofundishwa, moto wenyewe waliuzima haraka hata haukushika ukuta. Wakajipanga wakahesabiwa. Kumi na mbili. Wakahesabiwa tena. Kumi na mbili. Wakaangalia ubao, ubao unasema fundi yuko NDANI. Mnaelewa maana yake? Maana yake fundi yuko ndani ya ule moshi. Basi watu wawili wakavaa vifaa vya kupumulia wakaingia kwenye moshi kunitafuta mtu ambaye hayumo, wanapapasa sakafuni kwa mikono, wanapapasa nyuma ya jenereta, wanategemea kugusa mwili.

Yule mpishi ndo akawaza, akasema hebu matanki. Hakungoja kuvaa sawasawa, alitoka na glavu nyepesi za ndani tu, akashika ile kamba mkono kwa mkono mita 150, nje ni nyuzi 68 chini. Mi nimeshamaliza valvu narudi zangu, naona taa inakuja kwa kasi, nikashangaa nani huyu. Akanifikia. Hakunigombeza. Alinishika bega kwa nguvu mpaka leo kama nalisikia, akatoa redio kifuani akasema neno moja tu: "Kumi na tatu."

Vidole vyake vinne baridi ilivichoma. Vilivimba malengelenge makubwa ya maji, halafu ngozi ikawa nyeusi ikabanduka. Vidole vya mpishi, jamani. Vilipona, daktari alivipigania, lakini wiki tano hakuweza kukanda unga wala kushika kisu. Wiki tano mimi ndo niliyeosha vyombo vyake vyote, asubuhi, mchana, usiku, na nikamenya na kukata kila alichoniambia, na yeye amekaa pembeni na bandeji ananielekeza. Hakuniambia hata siku moja kuwa ni mimi. Niliwahi kumwomba radhi nikiwa nasugua masufuria, akaniambia sufuria ile ya chini bado ina mafuta.

Kwa nini nilisahau? Swali hilo nimelilala nalo siku nyingi. Sijitetei, lakini nataka mjue giza linafanya nini kwa kichwa cha mtu. Usingizi unavurugika, unalala mchana unakesha usiku, na hakuna mchana wala usiku. Unaingia chumbani unasimama, umefuata nini hujui. Mtu anaongea na wewe unamtazama lakini macho yako yako mbali sana nyuma yake, kila aliyekaa huko msimu wa baridi anakijua hicho kitazamo. Wanasayansi walipima ubongo wa watu 9 waliokaa miezi 14 kwenye kituo cha Ujerumani kinachoitwa Neumayer III, matokeo yakatoka 2019, wakakuta kipande kimoja kidogo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu kimepungua kwa wastani wa asilimia 7 hivi. Kukaa sehemu moja, sura zilezile, rangi ileile nyeupe halafu nyeusi, ubongo unakosa chakula chake.

Na vitu vidogo vinakuwa vikubwa. Nani ana ndugu anayetafuna kwa sauti? Sasa mtafunaji huyo mfikirie mara tatu kwa siku, miezi tisa, na huwezi kutoka ukapunga upepo. Tulikuwa na watu wawili, watu wazima wenye elimu zao, hawakusemeshana wiki sita kwa sababu ya kiti. Kiti! Mmoja alizoea kukaa hapo na mwenzake akakaa. Nakumbuka mambo haya kwa heshima, maana hata mimi kuna mtu mlango wake ulivyokuwa unafungwa nilikuwa nakunja ngumi kitandani. Mkuu wetu wa kituo alikuwa na sheria moja ambayo wengine waliiona ya kitoto: chakula cha jioni wote mezani, saa moja kamili, hata kama huli. Ukae tu. Mi naona ile sheria ilituokoa kuliko dawa yoyote iliyokuwa kabatini.

Halafu harufu. Nje kule hakuna harufu. Hakuna udongo, hakuna jani, hakuna mdudu, kwenye uwanda wa juu hata ndege hapiti wakati huo. Mbwa wa kuvuta mikokoteni ya theluji waliondolewa Antaktika yote 1994 kwa makubaliano ya kulinda mazingira, na naunga mkono, lakini kuna siku ungetamani kiumbe chochote cha kupapasa. Wale wa Neumayer III mwaka 2018 waliwekewa chumba cha kulima ndani, bila udongo, taa za rangi ya zambarau, wakavuna kilo 268 za matango, nyanya, majani ya saladi, ndani ya miezi tisa na nusu. Nilivyosoma habari ile sikufikiria vitamini, nilifikiria mtu anaingia mle anafunga mlango anavuta pumzi.

Na sikukuu ya kule ni tarehe 21 Juni, katikati ya msimu wa baridi, vituo vyote vinasherehekea, vinatumiana salamu na picha za watu wao wote, mnakula vizuri, mnapeana zawadi mlizotengeneza kwa mikono maana duka hakuna. Mi nilipewa kishikio cha bisibisi kilichochongwa kwenye mbao ya sanduku. Ninacho mpaka leo na nakitumia.

Nimemtaja daktari. Nimseme kidogo halafu niende mbele. Mnajua kisa cha Leonid Rogozov? Daktari wa Kirusi, miaka 27, kituo cha Novolazarevskaya, daktari peke yake kati ya watu 13. Mwaka 1961 akaumwa tumbo, akajipima mwenyewe akajua ni kidole tumbo. Hakuna wa kumfanyia upasuaji. Tarehe 30 Aprili akajipasua mwenyewe, na sindano ya ganzi tu, akitazama kwa kioo na mara nyingi akipapasa kwa vidole, karibu saa mbili, na wiki mbili baadaye yuko kazini. Dunia inamsifia, na anastahili. Lakini mi kila nikisimulia nataka niwataje na wale waliosimama pale pembeni. Aliyempa vyuma alikuwa mtu wa hali ya hewa, na aliyeshika kioo na taa alikuwa fundi wa magari. Fundi! Hajawahi kuona tumbo la mtu likifunguliwa, na mkono wake haukuruhusiwa kutetemeka. Sisi pia daktari wetu alitufundisha mimi na mpishi kusaidia upasuaji, tulifanya mazoezi kila wiki mbili, tunapanga vyuma, tunavitaja, tunavirudisha. Mpishi ndo alikuwa mwepesi kuliko mimi. Halafu vikaja kuuguzwa vidole vyake yeye.

Sasa mtaniuliza, na mna haki ya kuuliza: yote hayo ya nini? Mafuta yote hayo, vidole vya watu, akili za watu, kwa faida ya nani?

Nitawajibu kwa kituo cha Waingereza kinaitwa Halley. Kuanzia 1956 pale Halley kulikuwa na mtu anatoka na kifaa cha kupima ozoni, ile hewa ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua. Anapima, anaandika. Kesho anapima, anaandika. Mwaka unapita anakuja mwingine, anapima, anaandika. Miaka 10. Miaka 20. Wengine walisema kazi gani hii isiyo na jipya. Mwaka 1985 watu watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, wakachapisha hesabu za daftari zile: kila mwezi wa kumi ozoni ya juu ya Antaktika inapungua, na inapungua vibaya. Miaka miwili tu baadaye, 1987, mataifa yakasaini mkataba wa Montreal wa kupunguza gesi za kwenye mafriji na makopo ya kupuliza zilizokuwa zinaila. Ngozi yako wewe uliyekaa hapo mbele, macho yako, mazao, vyote viliguswa na daftari lile.

Nani aliosha vyombo Halley mwaka 1963? Nani aliamka kuzima king'ora 1971? Nani alichota theluji 1978 ili yule mwenye kifaa anywe chai atoke akapime? Majina yao hayapo kwenye ile karatasi ya 1985. Mi naona si sawa, nasema wazi, naona ripoti yoyote inayotoka Antaktika ingeandikwa na jina la mpishi. Kipimo kimoja kikikosekana kwa sababu jenereta ilizima, siku ile haipo, hairudi, utafanyaje, utaipima kesho?

Ndivyo ilivyo na barafu yenyewe. Pale karibu na Concordia walichimba kwenda chini zaidi ya kilomita 3 wakatoa nguzo za barafu zenye vipovu vya hewa ya zamani, hewa halisi, mpaka miaka 800,000 nyuma. Na Januari 2025 kwenye kambi nyingine hukohuko, Little Dome C, walifika mita 2,800, barafu ya zaidi ya miaka milioni moja na laki mbili. Inatoka kipande kwa kipande, kila kipande kuna mtu ameteremsha mtambo, amepandisha, amefuta, ameandika namba. Mara elfu.

Namalizia na siku ya ndege.

Jua lilikuwa limesharudi zamani, siku ya kwanza tulipanda juu ya paa wote 13 tukaliona limechungulia dakika chache likazama, hakuna aliyeongea. Lakini ndege ilikuja mwezi wa 11. Mlango ukafunguliwa wakatoka watu wapya, na ndugu zangu, walikuwa wananukia. Sabuni, machungwa, mvua. Nilisimama pembeni ya yule fundi aliyekuja kunipokea navuta tu hewa.

Yeye alikuwa na hamu ya kuona jenereta, kijana mwenye bidii, begi hajaweka chini anauliza ziko ngapi, zimetembea masaa mangapi. Nikamwambia njoo kwanza hapa. Nikampeleka kwenye ubao. Nikamsimulia yote niliyowasimulia nyie, sikuacha kitu, na mpishi amesimama palepale nyuma yetu na mikono yake. Kijana akachukua kibao chake kipya, akakitundika NDANI, akakitazama, akakigusa tena kama anahakikisha kimekaa.

Changu mpishi alikitoa siku ileile akanipa. Ni hiki hapa nilichokishika. Mbele kuna jina langu, nyuma kachonga kwa kisu namba 13. Nampa mama aliyekaa hapa mwanzo, mkitazame, mkipitishe mkono kwa mkono mpaka kule nyuma waliosimama, halafu kirudi mbele. Karibuni maswali kinapozunguka.